Mwendo wa Ziada na Gharama ya Joto: Prosesa za Bei Nafuu katika Nyanda za Lubero

Tangu kompyuta zilipoanza kuuzwa kwa watu wa kipato cha kawaida, hawajakosekana wanunuzi ambao, wakiisha kulipa bei ya chombo cha daraja la chini, hutaka kukitumikisha kazi ya chombo cha daraja la juu. Na maadamu prosesa, ambayo ndiyo kiungo kinachofanya hesabu zote za kompyuta, huenda kwa mapigo ya saa ambayo kiwanda kimeyapima na kuyaandika, hamu ya wanunuzi hao imekuwa siku zote ni kuifanya saa ile ipige upesi zaidi ya ilivyoandikwa. Tendo hilo mafundi hulijua kwa jina la kuovakloki, nami nitaliita kuongeza mwendo. Halihitaji nyundo wala koleo. Aghalabu hufanywa kwa kubadili tarakimu mbili tatu katika BIOS, ile programu ndogo inayoamka kabla ya Windows, kisha kompyuta huwashwa upya, na ikiwaka salama, mwenyewe hujihesabu kuwa amepata bila malipo kitu ambacho jirani yake amekilipia.

Madai hayo ya kupata bila malipo ndiyo ninayokusudia kuyatia katika mizani, na sitayapima katika maabara ya ng'ambo bali Kasugho, katika eneo la Lubero, Kivu ya Kaskazini, mahali ambapo pana chuo kikuu cha hifadhi ya mazingira na maendeleo kijulikanacho kwa ufupi kama UCNDK, ambapo wenyeji na machifu wao walianza mwaka 1998 kuitengeneza Hifadhi ya Tayna kwa ajili ya gorila wa aina ya Grauer, na ambapo kituo cha GRACE kimekuwa kikiwalea gorila yatima tangu mwaka 2010. Kazi za mahali kama hapo, yaani ramani za msitu, majedwali ya hesabu, picha za wanyama na tasnifu za wanafunzi, si kazi nyepesi kwa prosesa. Walakini mashine zinazozifanya, hapo Kasugho na hata katika miji ya Butembo na Beni, aghalabu ni zile za bei nafuu, na umeme wake hutoka katika paneli za jua, katika jenereta, au katika nyaya ambazo hazina ahadi ya kuwaka mpaka asubuhi. Swali la mwendo wa ziada likiulizwa katika hali hiyo huwa si swali lilelile linaloulizwa na kijana wa Ulaya ambaye soketi ya ukutani kwake haijapata kukatika tangu azaliwe.

Nianze na historia, kwa sababu ndani yake imo asili ya matumaini haya. Mwaka 1984 IBM ilitoa kompyuta yake iitwayo AT, yenye mwendo wa megahezi 6, na haukupita muda wenye kuthubutu wakagundua kwamba wakiking'oa kijiwe cha kioo kinachopiga mapigo ya saa na kutia kingine, mashine huenda megahezi 8 pasipo kulalamika. Nayo IBM, ilipotambua hila hiyo, ikatia katika matoleo ya baadaye ukaguzi wa kuikataa saa iendayo upesi kupita kiasi. Lakini kisa kilichovuma kuliko vyote ni cha prosesa ya Intel iitwayo Celeron 300A, iliyotoka Agosti 1998 kwa dola 149, siku zilezile ambazo Pentium II ya megahezi 450 iliuzwa dola 669. Celeron ile ilipata mwendo wake kwa kuzidisha megahezi 66 za njia ya bodi mara nne na nusu, na kizidisho kilikuwa kimefungwa kiwandani. Hata hivyo bodi zilizojengwa kwa chipu za 440BX zilikuwa tayari na njia ya megahezi 100 kwa ajili ya ndugu yake wa bei ghali, na mtu aliyeipachika Celeron katika bodi hiyo, akachagua njia ya 100, alipata megahezi 450 pasipo kukigusa kizidisho, huku kumbukumbu yake ya ndani ya kilobaiti 128 ikienda sawasawa na prosesa, ilhali ile ya Pentium II, ingawa ilikuwa kubwa mara nne, ilikwenda kwa nusu ya mwendo.

Hapakuwa na muujiza wowote. Prosesa za bei ya chini na za bei ya juu hukatwa aghalabu katika sahani moja ya silikoni, kisha hupimwa na kutengwa; na kwa kuwa soko huhitaji za bei ya chini kwa wingi kuliko zinavyotokea zenye upungufu, kiwanda hulazimika kuandika jina dogo juu ya kitu ambacho kingeweza kubeba jina kubwa. Tofauti hiyo kati ya uwezo na jina ndiyo waliyoichuma watu wa 1998.

Kiwanda nacho si mjinga. Tangu mwaka 2011 Intel iliifunga saa ya msingi na viungo vingine vya bodi hata ikawa kuigusa kwa zaidi ya asilimia chache ni kuvuruga kila kitu, na kizidisho kilichoachwa wazi kikawa bidhaa ya kulipiwa, kwa herufi K mwishoni mwa jina. Mlango ulifunguliwa tena kidogo mwaka 2014, kwa Pentium G3258 ya dola 72, prosesa ya viini viwili yenye gigahezi 3.2 na kizidisho huru, ambayo baadhi ya watengenezaji wa bodi waliiruhusu kupandishwa hata katika bodi zao za chini kabisa, zile za chipu H81, na wengi waliifikisha gigahezi 4.2 na zaidi. Mwaka 2018 AMD nayo ilitoa Athlon 200GE ya dola 55, iliyokusudiwa kufungwa, lakini baadhi ya matoleo ya BIOS ya bodi za MSI yakaiachilia. Kwa mnunuzi wa prosesa na bodi kwa mpigo mmoja, hizo ndizo zilizokuwa neema za mwisho zinazostahili kutajwa kwa furaha.

Hata furaha hiyo ilikuwa na kikomo ambacho saa haiwezi kukivuka. Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 2014 ilitoka michezo mikubwa, mathalan Far Cry 4 na Dragon Age: Inquisition, ambayo ilikataa kuanza katika mashine yenye viini viwili tu, iwe inakwenda gigahezi 3 au 4 na nusu, na leo programu za ramani na za kuhariri video nazo hugawanya kazi zake kwa viini vingi, hata mtu mwenye viini vinne vya mwendo wa wastani akamwacha mbali mwenye viwili vya mwendo mkali. Fauka ya hayo, tangu Turbo Boost ilipoingia katika prosesa za Intel mwaka 2008, na AMD ikafuata kwa njia yake, prosesa zenyewe hujipandisha na kujishusha kwa kuangalia joto na umeme wake. Maana yake ni kwamba ile akiba iliyokuwa imelala katika Celeron ya 1998, ambayo mtu mwenye hila aliweza kuiokota, sasa kiwanda huitumia mwenyewe kabla mnunuzi hajalifungua sanduku.

Ama yale yanayofika Butembo ni sura nyingine. Wafanyabiashara wa mji huo wanajulikana Afrika ya Mashariki nzima kwa safari zao za Dubai na China, na bidhaa zao hupanda kutoka bandari ya Mombasa, zikapita Uganda, zikaingilia mpaka wa Kasindi. Na baada ya Kanyabayonga, mji ulio kwenye barabara ya Goma, kuanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, njia hiyo ya Kasindi ikawa na uzito zaidi. Katika shehena hizo kompyuta za mezani huwa kwa kawaida ni zilizokwisha kutumika katika ofisi za nchi tajiri: Dell OptiPlex, HP Compaq, Lenovo ThinkCentre, zenye Core i3 au i5 za vizazi vya zamani. Nazo ni mashine njema, imara kuliko bodi mpya nyingi za bei ya chini. Lakini BIOS zake zilitengenezwa kwa ajili ya makarani, hazina mahali pa kubadili kizidisho wala volti. Na baadhi yake hata plagi ya pawasaplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, ni ya kiwanda chenyewe, haiingiliani na ya kawaida. Kwa hiyo mtu wa Butembo anayesoma habari za kuongeza mwendo, kisha akaigeukia OptiPlex yake, atakuta mlango umefungwa na ufunguo haukutengenezwa. Jambo linalowezekana kwake, na ambalo halitajwi sana kwa kuwa halina fahari, ni kuing'oa i3 na kutia i5 au i7 ya kizazi kilekile katika soketi ileile, kwa sharti kwamba pangaboi na pawasaplai vinaweza kuubeba mzigo. Jambo hilo moja huleta viini vilivyo mara mbili, na hakuna tarakimu ya BIOS iwezayo kuleta hivyo.

Tudhanie hata hivyo kwamba mtu amepata bodi inayoruhusu. Hapo ndipo hesabu ya joto inapoanza. Umeme unaotumika katika kufungua na kufunga mamilioni ya swichi za prosesa huongezeka sambamba na mwendo, lakini huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti, na prosesa iliyosukumwa hufika mahali ambapo haikubali kusimama imara mpaka iongezewe volti. Tuchukue ile ya gigahezi 3.2 inayotumia volti 1.20, tuipandishe hadi 4.2, nayo idai volti 1.35. Mwendo umeongezeka kwa asilimia 31, na volti, kwa macho, imeongezeka kidogo tu, lakini 1.35 kwa 1.20 ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 1.27, na hiyo ikizidishwa kwa 1.31 hutoa 1.66. Yaani kwa theluthi moja ya mwendo, ambayo katika kazi halisi hupungua zaidi kwa kuwa diski na kumbukumbu hazikuongezwa kitu, tumelipa theluthi mbili za umeme na theluthi mbili za joto. Sheria hiyo ndiyo iliyovishinda hata viwanda vyenyewe: mwaka 2004 Intel iliahidi Pentium 4 ya gigahezi 4, ikaifuta ahadi mwaka huohuo, na tangu hapo njia ya sanaa hii ikageuka kutoka kuongeza mapigo kwenda kuongeza viini.

Sasa tuichukue hesabu hiyo mpaka Kasugho, chumbani kwa mtu mwenye betri moja ya volti 12 na saa-ampea 100. Ndani yake mna wati-saa 1,200, lakini mwenye kuithamini betri yake ya asidi hatumii zaidi ya nusu, na inveta nayo huchukua ushuru wake, zikabaki kama wati-saa 500. Tuseme prosesa ikifanya kazi kwa nguvu zote hutumia wati 40, na bodi, diski na skrini kwa jumla wati 40 nyingine: betri itadumu saa sita na robo. Akiongeza mwendo kama tulivyofanya hapo juu, prosesa itadai wati 66, jumla itakuwa 106, na betri itakwisha kabla ya saa tano. Zidisha saa hizo kwa 1.31, ukidhani kwamba kila pigo la ziada limetumika kwa faida, nawe utapata kazi ya saa sita na dakika kumi na kitu. Kazi iliyofanyika haikuzidi hata chembe; imepungua kidogo, na mtu ameachwa gizani mapema zaidi. Hesabu hiyo inamhusu yule ambaye prosesa yake haipumziki, mathalan anayechakata picha mia kadhaa za msitu. Ama mwanafunzi anayeandika tasnifu, ambaye sehemu kubwa ya muda wake anafikiri na vidole vimekaa, mwendo wa ziada haumpi kitu chochote, kwa kuwa prosesa inamngoja yeye, wala yeye haingoji prosesa.

Geuza upande wa pili. Mtu yule yule, badala ya kupandisha, auache mwendo pale pale penye 3.2 na aishushe volti kutoka 1.20 hadi 1.08, jambo ambalo prosesa nyingi hulikubali kwa kuwa kiwanda huziandikia zote volti ya kuitosha iliyo dhaifu kuliko zote. Wati 40 zitakuwa 32 na kitu, na betri itakaribia saa saba. Amepata zaidi ya nusu saa ya kazi kila siku kwa kubadili tarakimu moja, pasipo kununua hata skrubu. Tadbiri hii ya kushusha volti haina sifa mbele ya vijana, kwa kuwa hakuna rekodi inayoandikwa kwa jina lake, ilhali waliotumia heliamu ya kimiminika mwaka 2023 kuifikisha Core i9 zaidi ya gigahezi 9 wanajulikana dunia nzima. Lakini kwa mahali ambapo umeme hupimwa kwa betri, mimi naiona ndiyo sanaa yenye akili zaidi katika hizi mbili.

Wala si lazima kwenda mbali kuupata mfano wa watu wanaofikiri hivyo kwa biashara. Huko Luviro, katika eneo lile lile la Lubero, Hifadhi ya Taifa ya Virunga, chini ya mkurugenzi wake Emmanuel de Merode, ilijenga kituo cha umeme wa maji, na kwa kuwa umeme ulipatikana kabla ya nyaya za kuupeleka kwa wanunuzi, tena utalii ulikuwa umekatika kwa sababu ya mashambulizi na baadaye kwa ugonjwa wa korona, mwaka 2020 hifadhi ilianza kuutumia kuchimba bitcoin, ikishirikiana na Mfaransa Sébastien Gouspillou. Makontena kumi yalijazwa mashine za hesabu. Mtu anaweza kuwa na rai yake juu ya fedha hizo za hewani, nami sina haja ya kuitetea wala kuibeza. Lakini katika biashara ya namna hiyo, popote duniani, hakuna anayejisifu kwa gigahezi. Kinachohesabiwa ni umeme unaotumika kwa kila hesabu moja, na joto linalotakiwa kutolewa nje ya kontena mchana na usiku, na wachimbaji wengi hushusha volti za mashine zao umeme unapokuwa ghali na kuzipandisha unapokuwa rahisi. Kwa mto unaotiririka usiku na hauna mnunuzi, kuongeza mwendo ni halali kabisa. Kwa betri ya Kasugho si halali. Tofauti haimo katika prosesa. Imo katika chanzo cha umeme.

Tuje kwenye kupoza, mlango ambao nyanda hizi zimejaliwa neema yake na mtihani wake. Butembo iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ya kawaida huwa kati ya nyuzi 15 na 25, wakati Mombasa mtu hufanya kazi katika nyuzi 30. Kwa upande mwingine hewa ya kimo hicho ni nyepesi, imepungua kiasi cha moja ya tano ikilinganishwa na ya pwani, na pangaboi, ambalo husukuma ujazo uleule kwa kila mzunguko, husukuma basi uzito mdogo wa hewa na kubeba joto kidogo zaidi. Vikipimwa viwili hivi kwa pamoja, prosesa ambayo Mombasa ingepanda nyuzi 50 juu ya hewa ya chumba na kusimama penye 80, kwa makadirio yangu Butembo ingepanda kama nyuzi 57 na kusimama chini kidogo ya hapo. Faida ipo, ila ni ndogo kuliko baridi ya asubuhi inavyomfanya mtu adhani. Na Beni, iliyo chini zaidi na yenye joto zaidi, karibu haina faida hiyo.

Neema hiyo ndogo huliwa yote na vumbi. Ifungue kompyuta iliyokaa miaka miwili katika duka la fotokopi kando ya barabara, na ulitazame lile bonge la alumini lenye mapezi liitwalo hitisinki: kati ya pezi na pezi vumbi jekundu la barabara, likichanganyika na masizi ya mkaa na nyuzi za nguo, limeshikana kuwa zulia ambalo hewa haipiti tena, na pangaboi juu yake linazunguka kwa kelele kubwa likivuma juu ya ukuta. Ling'oe. Chini yake utaona pasta ya kupitisha joto imekauka na kupasuka, inabanduka kwa ukucha. Kisha tazama miguu minne ya plastiki inayolibana bonge hilo katika bodi za Intel. Mashine iliyosafiri kwa lori kutoka Mombasa na kupanda milima mara nyingi huwa mguu mmoja umekwisha kuachia, na bonge limeinama upande mmoja kiasi ambacho jicho halioni, lakini prosesa inakiona. Inapofika nyuzi 95 au 100, prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na mwenyewe husema kompyuta imezeeka, akaanza kutafuta ya kununua.

Dawa ni brashi laini, pasta mpya kiasi cha punje ya mchele, spiriti ya kufutia ile ya zamani, na miguu minne iliyobonyezwa kwa mkingamo mpaka ilie. Mashine ya namna hiyo ikisafishwa huweza kurudishiwa mwendo mkubwa kuliko ule ambao BIOS ingetoa, na ni mwendo ambao ulikwisha kulipiwa. Tahadhari moja: pangaboi lisizungushwe kwa upepo wa kompresa ya gereji, kwani hewa hiyo huja na maji na mafuta, na pangaboi linalozungushwa kwa nguvu huweza kuwa dainamo likaurudisha umeme kwenye bodi.

Wapo wanaotaka kufanya zaidi, wakanunua hitisinki kubwa ya mnara yenye mabomba ya shaba, na katika bodi ya bei ghali wako sahihi. Katika bodi ya bei nafuu pana jambo linalofichika. Saketi zinazoigeuza volti 12 ya pawasaplai kuwa volti moja na kitu ya prosesa, ambazo zimepangwa pembeni mwa soketi, katika bodi hizo huwa chache na hazina kifuniko chochote cha kuzipoza. Hupata hewa yake kutoka kwa pangaboi la kawaida, ambalo huvuma kwenda chini na kumwaga upepo pande zote. Mnara huvuma kwa ubavu. Prosesa hupoa, na saketi zile, ambazo kwa mwendo wa ziada zimebebeshwa theluthi mbili za mzigo zaidi, hunyimwa hata kile kidogo zilichokuwa nacho. Kapasita za majimaji zilizo jirani nazo, ambazo kwa kanuni ya mafundi maisha yake hupungua nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, huanza kuvimba vichwa. Na bodi hufa ilhali kipimo cha joto cha prosesa kimeonyesha nyuzi 60 siku zote. Nimeona watu wakiilaumu prosesa kwa kifo cha namna hiyo. Vipoozaji vya maji navyo havina haja ya kujadiliwa sana kwa prosesa ya bei hii: pampu yake ikifa Kasugho hakuna wa kuitengeneza, na bei yake ingetosha kununua diski ya SSD.

Umeme wenyewe una sehemu yake katika shauri hili. Prosesa iliyosukumwa imekwisha kula nafasi yote ya usalama iliyoachwa na kiwanda, na jenereta ndogo, ambayo volti yake hupanda na kushuka kila friji ya jirani inapowaka, huipata ikiwa haina akiba. Pawasaplai za bei ya chini huandikwa wati ambazo hazimo ndani yake. Kompyuta ikizima ghafla, hiyo ni hasara inayoonekana. Iliyo mbaya zaidi ni ile isiyoonekana, yaani prosesa inayoendelea kuwaka huku mara moja moja ikitoa jawabu la uongo, ambalo katika mchezo huwa doa juu ya skrini na kupita, lakini katika daftari la hesabu za ushirika wa kahawa au katika jedwali la hesabu ya gorila hukaa na kuaminiwa. Hiyo ndiyo sababu mwenye kuongeza mwendo, au hata kushusha volti, hana budi kuitesa mashine yake kwa programu kama Prime95 na MemTest86 kwa saa nyingi kabla ya kuikabidhi kazi ya mtu mwingine. Na saa hizo nazo ni umeme.

Wanaodhani kwamba volti kubwa ni salama maadamu joto ni dogo wana funzo la karibuni. Mwaka 2024 ilidhihirika kuwa prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, tena zile za bei ya juu, zilikuwa zikichakaa kabla ya wakati kwa sababu zilikuwa zikijiombea volti kupita kiasi, na kampuni ikalazimika kutoa masahihisho ya programu mwezi wa Agosti na kuongeza muda wa dhamana kwa miaka miwili. Volti hukwangua njia za ndani ya prosesa polepole, kila siku, hata katika chumba cha baridi. Kama kiwanda chenyewe, chenye maabara na wahandisi, kiliweza kukosea kipimo hicho, fundi aliye na kipimajoto cha bure alichopakua ana kila sababu ya kujizuia.

Rai yangu basi ni hii. Mwenye studio ya video Butembo, ambaye umeme wake ni wa maji, ambaye bodi yake inaruhusu, na ambaye harusi ya Jumamosi inatakiwa Jumatatu, na aongeze mwendo mpaka pale ambapo volti haijadai kupandishwa, asimame hapo hapo, wala asiondoe pangaboi linalovuma chini. Mwenye betri Kasugho asiongeze kitu. Ashushe volti kama BIOS yake inampa ruhusa, na fedha aliyotaka kuitia katika kipoozaji aitie katika kumbukumbu ya RAM na diski ya SSD, ambavyo vitamwondolea kungoja kwingi zaidi. Mwenye OptiPlex asafishe, abadili pasta, kisha afikirie i5. Nao wafanyabiashara wa Butembo wanaokwenda kujaza makontena, ninawaomba watenge kisanduku kimoja kwa ajili ya vitu ambavyo faida yake kwa kila kimoja ni ndogo lakini havina mbadala hapa kwetu, yaani pasta ya joto isiyoghushiwa, mapangaboi ya kipimo cha kawaida na miguu ya hitisinki, na waandike juu ya kila mashine wanayoiuza aina ya bodi iliyomo na wati inazotumia, ili mnunuzi ajue anachokinunua kabla hajakibeba kwenda Kasugho.